Alikiogopa kisu, akaogopa zaidi kumwambia mtu: Safari ya kumtafuta mtaalamu wa OCD

Na MWANDISHI WETU

KWA muda wa miezi saba, mama mmoja anayeishi mtaani Umoja, Nairobi, hakukata mboga katika jiko lake. Kila jioni aliposhuka kwenye matatu alipitia kibandani kwa mama mboga, akaagiza sukuma wiki, nyanya na vitunguu, na vyote akaomba akatiwe pale pale.

Hakuna aliyeshangaa. Wanawake wengi wa mtaa huo hununua sukuma iliyokwisha kukatwa. Nani ana nguvu ya kushika kisu baada ya kusimama dukani kutwa na kubanwa kwenye matatu saa nzima?

Lakini mama huyu hakuwa mvivu, wala hakuwa amechoka kuliko wenzake. Alikuwa akikiogopa kisu.

Kifungua mimba wake, mvulana, alikuwa na umri wa wiki sita jambo hilo lilipoanza. Siku hiyo alikuwa akikata kitunguu huku mtoto amelala kwenye kochi, hatua nne hivi kutoka alipokuwa. Ghafla picha ikamjia akilini: aliuona mkono wake mwenyewe ukimchoma mtoto.

"Si kwamba nilitaka," anasimulia mama huyo, ambaye aliomba tusilitaje jina lake. "Ilikuwa kama mtu amenifungulia televisheni kichwani. Nilikitupa kile kisu kwenye sinki, nikakimbilia msalani nikatapika."

Siku iliyofuata picha ile ilirudi mara tu alipokiona kisu. Wiki moja baadaye ilimjia alipoona makasi, kisha wembe wa mumewe, kisha alipopita karibu na dirisha, maana wanaishi orofa ya tatu. Visu vyote alivipeleka kwa jirani akidai kwamba vinahitaji kunolewa, na hakuvifuata tena. Alipombadilisha mtoto nepi aliifunga mikono yake kwa leso ikabaki vidole tu.

Usiku alimwamsha mumewe na kumwuliza, "Baba mtoto, unadhani mimi naweza kumdhuru huyu mtoto?" Mume akamjibu kwamba haiwezekani, yeye ni mama mwema, alale. Akatulia kwa dakika kumi. Kisha akauliza tena. Kuna usiku mmoja, anasema mumewe, alipohesabu akafika mara kumi na nne.

Mama huyo hakuwa mwovu wala hakuwa amerogwa. Alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake una jina na tiba. Kilichomchukua muda wote huo ni kumpata mtu wa kumtibu.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huu huitwa OCD, herufi tatu za Kiingereza ambazo zimezoeleka hata katika hospitali zetu. Kwa Kiswahili tunaweza kusema ni ugonjwa wa fikra zinazong'ang'ania na vitendo vya kujirudia. Wataalamu hukadiria kwamba humpata mtu mmoja hadi watatu kati ya kila mia wakati fulani maishani mwao. Mara nyingi huanza utotoni, katika ujana au miaka ya ishirini, na wanawake wengine huuona mara ya kwanza wakiwa waja wazito au baada ya kujifungua.

Una sehemu mbili. Ya kwanza ni fikra, picha au msukumo unaokuja bila kuitwa na kumtia mtu hofu au kinyaa. Ya pili ni kile anachofanya ili kuituliza hofu hiyo: kunawa, kukagua kufuli, kuhesabu, kuuliza, kusali upya, kupanga vitu mpaka "vikae sawa". Kitendo hicho huleta nafuu kidogo, na nafuu hiyo ndiyo mtego wenyewe. Akili hujifunza kwamba bila kitendo hicho mtu hawezi kuwa salama, na kesho itataka kifanywe tena, safari hii mara mbili.

Watu wengi wakisikia OCD humfikiria mtu wa kunawa mikono mpaka ngozi ikapasuka. Wapo, na katika mitaa ambako maji hununuliwa kwa mtungi ugonjwa huo ni umaskini pia. Hata hivyo, wapo wengine ambao hutawatambua kwa macho. Dereva anayerudi kilomita tatu nyuma kuhakikisha kwamba tuta alilopita halikuwa mtu. Karani anayesoma barua moja mara thelathini kabla ya kuituma. Muumini anayepitiwa na maneno ya kumtukana Mungu katikati ya ibada. Na mama kama huyu wetu, ambaye vitendo vyake vingi vilikuwa vya kukwepa na kuuliza.

Jambo ambalo humwondolea mgonjwa mzigo mkubwa ni hili: fikra zenyewe si za ajabu. Mnamo 1978 watafiti wawili wa London, Stanley Rachman na Padmal de Silva, walionyesha kwamba watu wengi wasiougua chochote hupitiwa na fikra za aina hiyo hiyo, za kudhuru, za uchafu au za aibu. Mtu amesimama kando ya barabara kuu, ghafla anawaza, je, nikijitupa mbele ya lori lile? Anatikisa kichwa, anapanda matatu, basi. Mgonjwa wa OCD hawezi kutikisa kichwa. Huiuliza ile fikra imetoka wapi, ina maana gani, na yeye ni mtu wa namna gani kuiwaza.

Wenzetu wa Pwani wamelijua jambo hili tangu zamani. Neno letu "wasiwasi" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mnong'ono. Msikitini hutokea mtu akatawadha, akashuku kwamba mkono haukupata maji vizuri, akaanza upya, mara tatu, mara saba, mpaka jamaa wakatoa salamu yeye angali birikani. Ushauri wa jumla wa wanazuoni kwa mtu wa namna hiyo ni kwamba asiujali wasiwasi huo, aendelee na ibada yake. Naye Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na nafsi ambamo aliutenga wasiwasi wa nafsi kuwa tatizo la pekee, mbali na huzuni, hasira na hofu. Kwa hivyo anayedai kwamba haya ni maradhi ya Wazungu yaliyoletwa na televisheni anahitaji kufungua vitabu.

MILANGO ALIYOBISHA

Mlango wa kwanza ulikuwa wa kanisa. Mchungaji alimpokea kwa upole, akamwombea, akampangia siku tatu za kufunga. Alipata amani kwa siku mbili. Siku ya tatu ile picha ilimjia katikati ya maombi, akaamua kwamba hata Mungu amemkataa. Hamlaumu mchungaji. Hakuwa amemweleza ukweli wote. Alikuwa amesema tu kwamba ana "mawazo mabaya".

Kisha mama mkwe akaja kutoka kijijini. Alipoona mjukuu akibebwa na kila mtu isipokuwa mamake, alipendekeza ampeleke nyumbani mpaka mambo yatulie. "Mwanangu, nipe huyu mtoto, wewe pumzika," alimwambia. Mama huyo alikaribia kukubali. Alijiambia kwamba mtoto akiwa mbali angalau atakuwa hai.

Katika kliniki moja ya kibinafsi alilalamika kwamba halali, akaandikiwa vidonge vya usingizi. Alilala. Kila alipoamka alikuta hofu yake pale pale, na kichwa kizito juu yake.

Mlango uliomwumiza zaidi ni ule alioutarajia kumwokoa. Rafiki yake kazini alimwelekeza kwa mshauri nasaha mwenye ofisi katikati ya jiji. Cheti kilikuwa ukutani, ndani ya fremu. Kwa vikao vitano waliongea kuhusu utoto wake, babake aliyekuwa mkali, na kama aliitaka ile mimba. Katika kikao cha sita alijikaza akaitaja ile picha ya kisu. Mshauri aliacha kuandika. Akamwambia huenda ana hasira iliyojificha dhidi ya mtoto, na kabla hajatoka ofisini akampigia simu mumewe kumwonya asimwache peke yake na mtoto.

"Nilitembea kutoka pale hadi stendi bila kuona njia," anasema. "Mtu aliyesomea mambo ya akili ameniogopa. Nikasema basi, ni kweli."

Jioni hiyo ndipo alipowaza kwamba familia yake ingekuwa salama zaidi kama yeye hayupo. Ugonjwa huu huua namna hiyo: humfanya anayempenda mtoto wake kupita kiasi ajione kuwa hatari kwa mtoto huyo.

Aliyemfungulia mlango hakuwa na ofisi jijini. Mtoto alipotimiza miezi tisa alipelekwa kliniki kudungwa sindano ya surua. Muuguzi aliona kwamba wifi ndiye aliyempakata mtoto huku mama amesimama karibu na mlango, mikono nyuma. Akamwita kando. Baada ya kumsikiliza alimwuliza swali moja: "Mama, wazo hilo likikujia, unalipenda au linakutisha?"

Linanitisha mpaka nataka kufa, alijibu. Muuguzi hakustuka. Alimwandikia barua ya kwenda kliniki ya akili katika hospitali ya kaunti, akamwomba mumewe afuatane naye kesho yake.

KWA NINI SI KILA MSHAURI ATAFAA

Hapa ndipo wagonjwa wengi na jamaa zao hupotea. Hudhani kwamba tiba ya akili ni moja, na kwamba mtu yeyote mpole mwenye kiti na sanduku la shashi ataweza. Kwa mfiwa au wenye mzozo wa ndoa, mazungumzo ya upole yanaweza kufaa sana. Kwa OCD, mazungumzo yasiyo na mpango yanaweza kuulisha ugonjwa.

Mfikirie mgonjwa ambaye tatizo lake ni kuuliza kama yuko salama. Anaketi mbele ya mshauri kila wiki, anauliza, na mshauri anamhakikishia kwamba yuko salama. Anatoka akiwa na nafuu ya saa moja. Mshauri naye, bila kujua, amekuwa sehemu ya kile kitendo cha kujirudia. Au mshauri anachimbua maana ya fikra hiyo, na mgonjwa, ambaye tayari anaichimbua usiku kucha, anaongezewa jembe la pili.

Tiba iliyothibitishwa ni tofauti. Hujulikana kwa herufi za Kiingereza ERP, na maana yake ni kukikabili kinachotisha hatua kwa hatua huku ukijizuia kufanya kile kitendo cha kujituliza. Ilianza kuonekana mnamo 1966, pale Victor Meyer, mwanasaikolojia wa hospitali ya Middlesex mjini London, alipoandika habari za wagonjwa wawili ambao tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Mmoja alikuwa mtu wa kunawa na kusafisha. Wauguzi walikaa naye, wakamwelekeza kushika vitu alivyoviogopa, na mifereji ya chumbani mwake ikafungwa asipate maji ya kunawa. Alipata nafuu kubwa.

Wakazi wa Eastlands watacheka wakisoma hayo. Mifereji yetu hufungwa kila wiki na hakuna aliyepona. Tofauti ni kwamba siku hizi tiba hii hailazimishwi. Mgonjwa mwenyewe hukubali kila hatua, na mtaalamu hamshtukizi kamwe. Kazi hiyo iliendelezwa na wengi, akiwemo Edna Foa wa Pennsylvania, Marekani, na leo ndiyo tiba ya mazungumzo inayopendekezwa kwanza kwa OCD. Zaidi ya nusu ya wanaoikamilisha hupata nafuu kubwa. Kwa kawaida huchukua vikao kumi na viwili hadi ishirini, na mgonjwa hupewa kazi ya kufanya nyumbani kila siku.

Dawa pia zipo. Fluoksetini na sertralini, ambazo wengi huzijua kama dawa za kuondoa mfadhaiko, hutumika pia kwa OCD, mara nyingi kwa kipimo kikubwa zaidi, na huchukua wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kupimwa kama zimefaa. Klomipramini ni ya zamani zaidi, ina madhara zaidi, lakini inafanya kazi, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Wengi huacha dawa wiki ya tatu wakidai hazina kazi. Dawa hizi haziachwi ghafla, na anayenyonyesha huchaguliwa na daktari, si na rafiki wala duka la dawa. Vidonge vya usingizi haviutibu ugonjwa huu, na baadhi yake huleta uraibu.

UTAMPATAJE?

Kwanza ujue unamtafuta nani. Daktari wa akili amesomea udaktari kisha akabobea katika magonjwa ya akili. Huyo ndiye anayeandika dawa, na ndiye anayefaa kuuthibitisha ugonjwa wenyewe. Mwanasaikolojia wa tiba haandiki dawa, bali ndiye ambaye mara nyingi amefunzwa tiba za vikao kama ERP. Mshauri nasaha ana mafunzo ambayo yanaweza kuwa ya miezi au ya miaka, na hapo ndipo uangalifu unapotakiwa.

Madaktari wa akili husajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC, ambalo orodha yake inaweza kuangaliwa kwenye intaneti. Wanasaikolojia na washauri wako chini ya sheria ya mwaka 2014 iliyounda bodi yao ya kuwasajili na kuwapa leseni. Kuomba nambari ya usajili si utovu wa adabu. Mwenye nayo hukupa bila kununa.

Lakini usajili peke yake hautakuambia kama mtu anaweza kutibu OCD. Piga simu kabla ya kulipa, umwulize mambo machache kwa lugha ya kawaida. Amewahi kuwatibu watu wenye OCD, na wangapi? Hutumia njia gani? Kama hataji ERP au kueleza kwa maneno yake kwamba atakusaidia kukikabili unachokiogopa bila kujirudia, endelea kutafuta. Mwulize atakupa kazi gani ya nyumbani, na kama yuko tayari kutoka ofisini, kwa sababu hofu ya jiko hutibiwa jikoni na hofu ya choo cha stendi hutibiwa stendi. Mwulize pia atajuaje kwamba unapata nafuu. Wengi hutumia dodoso lenye alama, linaloitwa Y-BOCS, mwanzoni na kila baada ya wiki kadhaa.

Na kama una fikra za kudhuru, za ngono au za kukufuru, ambazo ni aibu kuzitamka, jaribu kumwuliza hivi: "Ukipata mgonjwa wa OCD mwenye fikra za kumdhuru mtoto wake, unafanyaje?" Jibu lake litakuonyesha kama anaujua ugonjwa huu au atakuogopa kama yule wa jijini.

Kwa maoni yangu, mwanasaikolojia kijana anayekiri kwamba hajatibu wengi, lakini amefunzwa na ana mkubwa wake wa kumwelekeza, ni bora kuliko mzee wa kazi anayedai kuponya kila kitu kwa vikao viwili.

Wako wapi? Ukweli ni kwamba ni wachache, na wengi wako Nairobi. Jopo la serikali kuhusu afya ya akili, lililoongozwa na Dkt Frank Njenga, lilipotoa ripoti yake mwaka 2020 lilipendekeza hali ya afya ya akili nchini itangazwe kuwa janga la kitaifa. Hata hivyo kuna pa kuanzia. Hospitali ya Mathari iliyo kando ya barabara ya Thika, ambayo ilianza mwaka 1910, ina kliniki ya wagonjwa wa kutwa, na aendaye huko kwa kliniki hurudi kwake jioni kama alivyoenda, licha ya mizaha ya makanga. Hospitali ya Kenyatta ina idara ya afya ya akili, kadhalika Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, na Mombasa kuna kitengo cha Port Reitz. Hospitali nyingi za rufaa za kaunti zina angalau afisa mmoja wa afya ya akili. Vyuo vikuu vinavyofunza wanasaikolojia wa tiba pia ni mahali pa kuulizia, maana wanafunzi wa shahada ya pili huhudumia wagonjwa chini ya uangalizi.

Gharama ni kikwazo kikubwa. Jijini, kikao kimoja cha kibinafsi ni maelfu ya shilingi, na vikao kumi na viwili si mchezo kwa mwenye mshahara wa dukani. Uliza kama kuna ada nafuu kwa wenye kipato kidogo. Wengine wanayo ila hawaitangazi. Sheria ya Afya ya Akili inazikataza kampuni za bima kumbagua mgonjwa kwa sababu ya ugonjwa wa akili, lakini soma kadi yako, kwani kiwango cha malipo hutofautiana. Walio na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, waulize hospitalini kabla ya kuanza, si baada ya bili.

Kwa walio Lodwar au Voi, vikao vya video vimekuwa msaada tangu janga la korona la 2020, na kwa OCD vina faida moja isiyotarajiwa: mtaalamu anaingia jikoni kwako kupitia simu na kuliona lile sinki lenyewe.

KISU MEZANI

Tumrudie mama yetu. Daktari wa akili katika hospitali ya kaunti alimsikiliza kwa nusu saa, kisha akamwambia jina la ugonjwa. Alilia. Hakuwa amewahi kufikiria kwamba kuna mtu mwingine duniani mwenye hali hiyo.

Daktari alihakikisha kwanza kwamba si jambo jingine, na hapa msomaji awe makini. Mama wa OCD huzichukia fikra zake na hufanya kila awezalo asimkaribie mtoto na kisu. Kuna ugonjwa mwingine, nadra lakini wa hatari, ambao huweza kuwapata wanawake baada ya kujifungua, mara nyingi katika wiki za mwanzo. Mgonjwa husikia sauti, huamini kwamba mtoto ana pepo au kwamba kumdhuru ni jambo sahihi, halali kabisa na husema maneno yasiyoshikamana. Huyo asingojee miadi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake. Vivyo hivyo yeyote anayezungumzia kujiua.

Alianzishiwa dawa na kutumwa kwa mwanasaikolojia anayeijua ERP. Kikao cha kwanza walichora ngazi. Chini kabisa waliandika "kuona picha ya kisu gazetini". Katikati, "kisu juu ya meza, mtoto chumba cha pili". Juu kabisa, "kukata nyama mtoto akiwa ubavuni". Kila hatua ilirudiwa siku baada ya siku mpaka hofu ikapungua makali, bila kusali kwa siri, bila kuifunga mikono, bila kumwuliza mtu.

Siku ya kuvifuata visu kwa jirani ilikuwa ngumu. Vilikuwa vimenolewa kweli.

Kazi ya mume huenda ilikuwa ngumu zaidi. Aliambiwa aache kumhakikishia. Mkewe akiuliza saa nane za usiku kama atamdhuru mtoto, jibu lake liwe, "Hilo ni swali la ugonjwa, mama, sitalijibu. Najua unaumia. Niko hapa." Wiki ya kwanza aliona anamtesa. Mama mkwe alimwita mkatili. Lakini maswali kumi na manne yakawa tisa, yakawa manne, na usiku mmoja alishtuka kumekucha bila kuamshwa.

Sasa ni mwaka mmoja na nusu tangu aanze matibabu. Hasemi kwamba amepona. Mtoto akiugua, au akikosa usingizi kwa siku kadhaa, ile picha hurudi, naye huiacha ipite huku akiendelea na alichokuwa akifanya. Dawa bado anameza, na miadi yake na mwanasaikolojia ni mara moja kwa miezi mitatu.

Juzi mama mboga alimwuliza ni kitu gani kimetokea, mbona kastama wake siku hizi anachukua sukuma nzima. Alimjibu kwamba amenunua kisu kipya.